Kimya cha Mafundi na Intaviu ya Nyambura

Nyinyi vijana mliobaki kwenye mabenchi ya viwanda, na nyinyi mlio na kompyuta mapajani mkitafuta kazi ya kuandika programu zinazowekwa ndani ya chipu, haya nimewaandikia nyinyi. Naandika kwa mkono, na mjukuu wangu Wairimu anapiga chapa kwenye simu yake. Nimemwonya asiniwekee maneno ya shule. Mimi niliacha shule darasa la nne na sioni sababu ya kujifanya leo.

Nimestaafu juzi tu. Sherehe haikuwapo. Benchi lenyewe lilikuwa likifungwa, na mkate walioniletea siku ya mwisho ulikuwa mgumu, nikaubeba nyumbani tukauchovya kwa chai. Mshahara wangu sitautaja, haukuwa wa kutajwa. Vyeo pia sina cha kusema, kwa sababu niliingia nikiwa mama wa kusolda, yaani wa kuunganisha vidude vya umeme kwa risasi iliyoyeyushwa, na nikatoka nikiwa mama wa kusolda. Nitawaambia kazi yenyewe ilivyokuwa, na jinsi ilivyomfuata mjukuu wangu mkubwa, Nyambura, mpaka ndani ya chumba alichoketi mbele ya watu watatu kuulizwa maswali. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mengine mngeweza kuishi bila kuyajua.

Nilianzia mtaa wa Shauri Moyo, kwenye kibanda cha mabati cha Mzee Barasa, fundi wa redio. Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, aliyefanya kazi reli mpaka reli ikamchoka. Mimi mume alikuwa ameniacha kwa kufa, nina Karanja mgongoni, na nilikuwa nimekuja kuomba kazi ya kufagia. Mzee Barasa alinitazama, akamtazama mtoto, akauliza jina lake, akaniambia, "Mama Karanja, hapa hapafagiwi. Ukifagia utanipotezea skrubu. Keti pale uzipange."

Nikaketi. Nilipanga skrubu kwa urefu, kisha nikapewa vile vidude vidogo vyenye mistari ya rangi, nivipange pia. Rangi nilizijua muda mrefu kabla ya kujua zinafanya nini. Wakati huo chuma cha kusoldia hakikuwa cha umeme. Kilikuwa fimbo yenye kichwa cha shaba, unakiweka kwenye jiko la makaa, na kujua kama kimeiva unakisogeza karibu na shavu. Karibu, sikusema kwenye shavu. Mzee Barasa alinifundisha kuangalia kiungo: risasi ikishika vizuri inang'aa na inakaa kama kilima kidogo, isiposhika inakuwa ya kijivu na kujikunja kama donge la ugali uliolala. "Donge likikubali leo," alikuwa akisema, "kesho redio itanyamaza katikati ya habari, na mwenyewe atakuja hapa na ndugu zake."

Siku moja alikuja mtu kutoka soko la Gikomba na redio yake, akasimama juu ya kichwa changu kama wateja wote wanavyosimama. Nilifungua mgongo wa redio, nikaona shida papo hapo, na kwa furaha nikapayuka, "Kumbe ni waya tu umechomoka hapa!"

"Waya tu?" yule mtu akasema. "Basi lete. Huo nitausokota mwenyewe." Akachukua redio yake na kuondoka.

Fundi jirani, tuliyetenganishwa naye na bati moja, alikuwa amesikia yote. "Barasa!" akaita huku akicheka. "Umeajiri redio nyingine!"

Mzee Barasa hakunipigia kelele. Aliendelea na kazi yake, na alipomaliza akanigeukia. "Mama Karanja, hapa mdomo unafunguliwa kwa kula na kwa kusali. Mtu akikuuliza unafanya nini, mwambie: ngoja kidogo, namaliza. Hakuna zaidi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na haikuwa ya Mzee Barasa peke yake. Tembeleeni mafundi wote wa zamani wa mitaa ya Eastlands, wa saa, wa redio, wa pikipiki, mtasikia hiyo hiyo. Ukieleza kazi, mteja anaona ni rahisi. Ukieleza kazi, jirani anaiba. Kwa hiyo tulijifunza kufikiri ndani, mikono ikitembea na uso ukiwa kama ukuta. Kimya hicho kilimlisha Karanja mpaka akaota ndevu.

Mzee Barasa alipokufa kibanda kilichukuliwa na muuza viatu. Mimi nikaandikwa kwenye kiwanda kimoja huko Industrial Area, walikokuwa wakiunganisha mita za umeme. Nilidhani kazi ni ile ile. Siku ya kwanza nilipewa chuma cha umeme, chepesi kama kijiko, na kiti kirefu kisicho na mgongo. Nikatafuta jiko la makaa kwa macho. Wamama walioketi kwenye benchi walicheka mpaka msimamizi akaja. Tulikuwa tumekaa mstari mmoja, kila mmoja na taa yake na bodi zake, vile vibao vyembamba vinavyosoldiwa vidude, na moshi wa risasi ukitupanda usoni. Feni ilikuwapo. Ilikuwa ikimpulizia msimamizi.

Huko nako kulikuwa na kimya, ila sababu yake ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye benchi, anayesema "nimeona kasoro" ndiye anayeulizwa kasoro imetoka wapi. Kwa hiyo ukiona kasoro unairekebisha, unasukuma bodi mbele, unachukua nyingine.

Nitawapa mfano mmoja, muuelewe vizuri, kwa sababu ndio uliokuja kunirudia. Kuna kidude kinachoitwa kapasita, kama mkebe mdogo wenye miguu miwili. Kina upande wa chanya na upande wa hasi, na kwenye bodi huchorwa alama ya kukuonyesha kinavyokaa. Wakati mmoja zililetwa bodi ambazo alama hiyo ilikuwa imechorwa kinyume. Wamama wote wa benchi waliona. Kila mmoja alikuwa akikigeuza kidude kikae sawa, bila kufuata mchoro, na hakuna aliyemwambia mwenzake, sembuse ofisi. Mita zilitoka vizuri, watu wakafurahi.

Kisha akaajiriwa msichana mpya, Atieno, mpole, mwenye kufuata maagizo. Alifuata mchoro jinsi ulivyochorwa. Bodi yake ilipopewa umeme, kapasita ilipasuka na kumrukia usoni. Jicho lilipona, namshukuru Mungu, lakini kope moja haikufunga tena sawasawa.

Injinia alishuka kutoka juu. Alikuwa kijana, amevaa shati jeupe. Alichukua bodi zetu moja moja, akaziangalia, akaelewa. "Zenu zote zimegeuzwa," akasema. "Nyote mlijua. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia? Mimi ndiye niliyechora. Ningerekebisha siku hiyo hiyo."

Tulitazama mikono yetu. Alingoja, kisha akapanda ngazi. Atieno hakurudi kazini, na mchoro ulibadilishwa, na sisi tukaendelea kunyamaza, kwa sababu hakuna aliyetufundisha kufanya vingine.

Sasa Nyambura. Ni binti mkubwa wa Karanja, na ana jina langu, kama desturi yetu inavyotaka. Alisomea mambo ya umeme kwenye chuo cha ufundi, akakosa kazi, akaja benchi langu. Nilimfundisha mimi, na nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Ana mikono mizuri. Hata wale wamama wasiosifu watoto wao wenyewe walikuwa wakigeuka kumwangalia akishika risasi. Jioni, hapa nyumbani Tassia, alikuwa akifungua kompyuta kuukuu na bodi ndogo ya kijani yenye chipu, anaandika programu, anaipeleka kwenye chipu kwa waya, taa inawaka. Isipowaka anaandika tena. Hakuwa akisema kitu. Ungedhani anashona.

Kisha bodi zikaanza kuja kutoka ng'ambo zikiwa zimeshasoldwa na mashine. Kwanza chache, halafu zote. Hapo kila mtu kwenye benchi alielewa, ingawa tangazo lilichukua muda kubandikwa. Mimi umri wangu ulikuwa umefika, ningetoka tu. Nyambura hakuwa na pa kwenda. Karanja anauza mitumba, na msimu mbaya ni mwingi kuliko mzuri. Ndipo Nyambura akaitwa intaviu kwenye kampuni inayotengeneza vifaa vya kupima maji, wanaotaka mtu wa kuandika programu za ndani ya mita. Barua ilisema wazi kwamba kutakuwa na maswali na kutakuwa na kazi ya mikono. Ukiangalia hiyo nyumba yetu, hapakuwa na mlango mwingine.

Tulijitayarisha. Nasema tulijitayarisha kwa sababu sikulala kitandani na kuomba tu, ingawa wamama wa kanisa walifanya sehemu hiyo. Wairimu, mdogo wake, alikuwa akisoma maswali kwenye simu, Nyambura anajibu, mimi nachambua njahi, yale maharage yetu meusi, nikisikiliza. Mengine sikuyaelewa. Mengine nikayaelewa kwa njia yangu, na nitawaambia, labda yatawasaidia.

Kuna kitu kinachoitwa interapti. Ni kama unapika na mtu anagonga mlango. Unaacha mwiko, unafungua, unapokea alichokileta, unarudi kwa sufuria. Hukai mlangoni kupiga hadithi, la sivyo chakula kinaungua. Programu nayo ni hivyo: kinachofanywa mlangoni kiwe kifupi, kazi ndefu ifanyiwe jikoni. Kuna kingine ni kama askari wa usiku ndani ya chipu. Programu lazima imsalimie kila mara kuonyesha iko macho. Isipomsalimia anajua imezubaa, anaizima na kuiwasha upya. Na kuna jambo la kitufe. Unabonyeza mara moja, lakini chuma cha ndani kinarukaruka kidogo kabla ya kutulia, na chipu kwa wepesi wake inahesabu umebonyeza mara nyingi. Kwa hiyo unaifundisha ingoje kidogo kabla ya kuamini.

"Shosh, hata wewe ungepata hii kazi," Wairimu akaniambia mimi bibi yake.

"Soma swali linalofuata," nikamjibu.

"Nyambu, eleza pull-up ni nini, na utumie maneno mengi. Unajibu kama mtu amekatwa ulimi."

"Zii, nimeshajibu," Nyambura akasema. "Inashikilia pini isielee. Basi." Alimaanisha mguu wa chipu usiachwe bila kitu cha kuushika.

"Isielee aje? Kwani ni meli? Wacha hizo, ongea!"

Mimi nikamwambia Wairimu amwache dada yake, mtu akijua anajua. Nilisema hivyo, na nilikuwa na miaka yote ya kazi nyuma yangu ya kunithibitishia.

Asubuhi ya intaviu nilimpigia pasi blauzi. Nikamwambia afike mapema, afunge nywele zisimwangukie usoni akiinama kwenye bodi, na apashe chuma vizuri kabla ya kugusa kitu cha watu. Karanja alimpeleka mpaka kituo cha mabasi cha Muthurwa, akamwacha hapo aendelee.

Yaliyotokea ndani aliyasimulia mwenyewe, na kumtoa maneno ilikuwa kazi. Walikuwa watatu, mama mmoja na wanaume wawili. Maswali ya mdomo aliyajibu kifupi na sawa. Kisha wakamwekea bodi mezani. Ilikuwa na kitufe na taa. Kila ukibonyeza, taa ilipaswa kubadilika. Lakini taa ilikuwa ikijibadilisha yenyewe, kama ina mapepo. Wakamwambia atafute shida.

Nyambura aliinama. Alisogeza kidole karibu na kitufe bila kukigusa, taa ikapepesa. Hapo akajua. Hakuna kitu kilichokuwa kikiishikilia ile pini ya kitufe, ilikuwa ikielea, na mkono wa mtu tu ulitosha kuichanganya. Alipima na testa, kile kipimo cha umeme, kuhakikisha. Alifungua programu, akaona haikuwa imeandikwa chipu iishikilie. Akaongeza mstari, akairudisha kwenye chipu, akabonyeza. Taa ikatii. Yote hayo bila neno hata moja.

Katikati, yule mama alimwuliza, "Sasa hivi unafikiria nini?"

Na mjukuu wangu, mwenye jina langu, akajibu bila kuinua kichwa, "Ngoja kidogo, namaliza."

Mmoja wa wale wanaume akauliza kwa nini amesogeza kidole vile. Akasema, "Naangalia tu." Wakauliza kama kuna njia nyingine ambayo angetumia. Akasema, "Hii imekubali." Kisha akaweka testa chini, akakunja mikono, akangoja waseme hongera. Walimwambia asante, watampigia.

Walipopiga, ni yule mama mwenyewe aliyepiga, na hilo nampa heshima, maana wengi hawapigi. Nyambura aliweka simu mezani ili sote tusikie, kwa sababu alidhani ni habari njema. Karanja alikuwa amesimama na kikombe mkononi.

"Nyambura, ulirekebisha bodi," yule mama alisema. "Lakini sikuweza kujua kama ulijua au ulibahatisha. Niliuliza nikuelewe, ukanifungia. Hapa watu wanne wanaandika programu moja. Mmoja akibadilisha kitu na asiseme, mita za watu zinazimika na hatujui tuanzie wapi. Tumemchukua mwingine. Yeye hakumaliza ile bodi, lakini kila alichojaribu tulikijua."

Nyambura akasema, "Sawa, madam. Asante." Akakata.

Hakulia mbele yetu. Alikunja ule waya wa bodi yake ndogo polepole, akaenda chumbani.

"Hawa watu ni wajinga," Karanja akasema. "Kazi imefanyika, sasa wanataka nini, hotuba?"

"Baba, si hotuba," Wairimu akamjibu. "Wanataka kujua."

Nilitaka sana kumchukia yule mama wa kwenye simu. Nilijaribu siku kadhaa. Lakini kila nikianza, nilikuwa nikimwona yule injinia kijana na bodi zetu mkononi, akingoja mtu mmoja afungue mdomo. Ni swali lile lile. Mzee Barasa hakukosea kwa kibanda chake. Pale mtu aliyesimama juu ya kichwa chako alitaka kukupokonya. Hawa watatu walikuwa wamesimama juu ya kichwa cha mjukuu wangu wakitaka kufanya kazi naye. Nyambura hakuwa na njia ya kuwatofautisha, kwa sababu mikono yote iliyomfundisha ilikuwa mikono ya kibanda.

Benchi limefungwa sasa. Viti virefu viliuzwa kwa mtu wa baa. Nyambura ametuma maombi kwingine, na kwingine, na wengi hawajibu. Kuna wiki anazokaa bila kugusa ile bodi ndogo ya kijani. Siwaambii haya ili mniambie pole. Nawaambia kwa sababu najua baadhi yenu mmelelewa vivyo hivyo, mna akili ya kutosha na mdomo umefungwa kwa kufuli ambalo hamkulinunua nyinyi. Mkipewa bodi mbele ya watu, semeni mnachodhani kabla hamjakigusa kitu. Semeni mnachopima na mlichotarajia kuona. Mkikosea, semeni mmekosea wapi. Mtajisikia wajinga. Mimi nimejaribu jikoni peke yangu nikitengeneza jiko la gesi, na nilijisikia mjinga kabisa.

Jumapili baada ya kanisa, tukiwa tumeketi kula, Nyambura aliniambia ameitwa mahali pengine, mwezi ujao. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja ugonjwa. Karanja akafungua mdomo kumpongeza, nikamwinulia mkono. Niliwaambia wote waweke vijiko chini wanisikilize.

"Kuanzia kesho hapa hapaliwi. Hii meza ni ya Nyambura na bodi zake, kila jioni. Karanja, wewe utakula sahani ikiwa mapajani, na mimi pia. Na yeyote atakayepita hapa, awe anaenda kuchota maji, awe anatoka kuoga, atasimama amwulize: unafanya nini hapo, na kwa nini? Nyambura, utamjibu kwa mdomo wako, mkono ukiendelea na kazi. Na asiyeelewa asiondoke."